Risala ya Walimu wa Historia na Kiswahili Kuhusu Somo la Uzayuni

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakuu wa shule, wazazi na walimu wenzetu wa Kampala,

Wanafunzi wetu wanamaliza shule wakiamini kwamba Wayahudi nusura wapewe Kampala, Jinja na Masaka. Barazani hadithi hiyo inachekesha. Darasani inapotosha, na kitini tulicholetewa kinairudia.

Eneo ambalo Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikuwa tayari kumpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, mwaka 1903 ni nyanda za Uasin Gishu, pande za Eldoret ya leo. Zilikuwa chini ya Uganda hadi 1902, mpaka ukasogezwa zikaangukia Kenya ya leo. Jina la Uganda likabaki vinywani mwa watu.

Kitini kinadai pia kuwa Uzayuni ni dini. Sivyo. Ni harakati ya kisiasa iliyojipanga Basel, Uswisi, mwaka 1897, ikitaka Wayahudi, waliokuwa wakiandamwa Ulaya, wawe na nchi yao kama mataifa mengine. Nayo haikuwa na kauli moja. Aprili 1903 Wayahudi waliuawa katika mji wa Kishinev, dola ya Urusi, na Agosti mkutano mkuu wa sita wa Wazayuni ukatundika ramani ya Afrika Mashariki mahali ilipozoea kutundikwa ile ya Palestina. Wajumbe wa Kishinev wenyewe wakapinga! Kura 295 zilikubali tume ije kukagua, 178 zikakataa. Mwaka 1905 mpango ukafutwa, na waliotaka hifadhi popote pale wakajitenga wakiongozwa na Israel Zangwill.

Kinachotuuma zaidi ni kilichoachwa. Wanandi, wenyeji wa pande hizo, hawakuulizwa. Walikuwa wakipigania ardhi yao dhidi ya Waingereza na reli yao, na Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani akapigwa risasi. Waarabu wa Palestina nao hawakuulizwa Uingereza ilipotoa ahadi yake ya 1917 ya kuunga mkono makao ya Wayahudi huko Palestina. Mtoto wa Kampala ana haki ya kuhoji hayo bila kuambiwa kwamba anawachukia Wayahudi.

Wayahudi, kwanza, tunao wa kwetu. Abayudaya wa Mbale walimfuata kiongozi wao, Semei Kakungulu, kuingia Uyahudi mwaka 1919, kabla Israel haijaundwa, wala hawakutumwa na Basel. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Miaka ya karibuni baadhi yao wameomba kuhamia Israel wakakataliwa.

Kwa hiyo tunadai kitini hicho kiondolewe madarasani. Kipya kiwe na ramani ya mpaka wa 1902 na sura kamili ya Wanandi. Na wazee wa Abayudaya waalikwe shuleni kuzungumza, si kupigwa picha tu. Posho hatuombi, ingawa nauli ya Mbale hatutaikataa.

Tunasubiri jibu la maandishi kabla ya muhula wa tatu kufunguliwa.