Vidio ya kaya haitakuja

Tangu niposti safari yangu ya Rabai mnaniuliza kitu kimoja tu: mbona hatuoni ndani ya kaya? Hamtaona, si kwangu.

Kwa wale hamjafika: kutoka Nyali unavuka daraja, unashika matatu ya Mazeras, halafu bodaboda inakupandisha mlimani. Siku moja yatosha, waenda na kurudi. Huko juu kuna makumbusho ya Krapf, yule mmishenari Mjerumani wa miaka ya 1840, na mandhari ya kupiga picha mpaka chaji iishe.

Lakini msitu wenyewe ni maneno mengine. Kaya zilikuwa vijiji vya Wamijikenda, vilivyojengwa katikati ya msitu kama ngome tangu karne ya 16. Watu walihama polepole, kufikia miaka ya 1940 zikabaki za wazee, maombi na makaburi. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia, za Rabai zikiwemo. Waingia kwa ruhusa ya wazee, na kuna mahali kamera haifiki.

Wenzangu wa kontenti wanasema huo ni ushamba. Eti bila vidio vijana hawatajali, na msitu usiojulikana hunyakuliwa. Nusu yake nakubali, manake kuna kisa cha vigango, zile nguzo za kuchonga ambazo Wagiriama husimamishia wazee wao waliofariki. Mwaka 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha mzee akiwa na vigango vya nduguze. Baadaye viliibwa, vikaishia kwenye makumbusho ya vyuo vikuu huko Marekani. Picha ile ndiyo iliyosaidia kuvitambua, na kufikia 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudishwa Kenya.

Sawa, picha ina kazi. Ila ile, mzee mwenyewe alikuwa amesimama ndani yake. Haikurushwa kwa watu elfu hamsini ikiwa na lokesheni. Vidio yangu ingekuwa ramani ya bure kwa mwizi, na mimi nihesabu views. Kamera ndiyo jembe langu bana, nami nasema hapo haliingii.

Ukitaka kuona, nenda. Nauli haifiki bei ya pizza moja hapa Nyali. Tafuta wazee, mlipe anayekutembeza, vua viatu ukiambiwa, na simu iache mfukoni.