NANI AMEMKALISHA KITINI?



Jambo hili limekwisha kuonekana mara nyingi katika Kivu yetu. Chifu anakufa. Kabla matanga hayajaondolewa, mwana mmoja amekwisha kushuka mjini pamoja na watu wake kumtafuta mkubwa wa ofisi. Kesho yake ashuka ndugu yake, mwana wa mke mwingine, naye amtafuta mkubwa mwingine. Kila mmoja ana karatasi ya wazee mkononi, na huko kijijini wazee wenyewe hawajaketi bado. Sisi tufanyao ukarani katika machimbo twayajua matokeo yake: zaletwa mezani karatasi mbili za kilima kimoja, kila moja ina sahihi ya chifu, na wachimbaji wabaki wakiulizana wamlipe nani.

Hapa Murara watu husema, «Ni ugomvi wa nyumbani tu, wakubwa wataamua.» Neno hilo si jipya. Kuna nchi iliyopotea kwa neno hilo, nayo ni Unguja. Twataka kueleza habari za Waarabu waliotawala huko, kwa kuwa lugha hii tunayoiandika ilitufikia kwa njia ya misafara yao, na kwa kuwa ugomvi wao wa urithi umeandikwa kwa tarehe, hata mtu aweza kuona hatua kwa hatua jinsi mgeni alivyoingia.

Sayyid Said bin Sultan alikufa baharini mwezi wa Oktoba 1856, akiwa safarini kurudi Unguja. Aliacha wana wengi. Thuwaini alikuwa Maskati, Majid alikuwa Unguja. Mila yao haikusema kwamba mwana wa kwanza ndiye mrithi: aliyekubaliwa na ukoo na wakubwa wa makabila, tena akaweza kushika ngome, ndiye aliyetawala. Basi kila mmoja akashika alipokuwa, na Thuwaini akadai vyote viwili. Mwaka 1859 mdogo wao Barghash akaasi kwa Majid. Konsuli wa Kiingereza, Rigby, akatoa wanamaji wa manowari kumsaidia Majid. Barghash akashindwa, akapelekwa Bombay. Dada yao Salme, aliyewaandikia waasi barua zao, aliyasimulia mambo hayo baadaye katika kitabu chake.

Kisha ndugu hao wawili wakubwa wakakubali kesi yao iamuliwe na Lord Canning, Gavana Mkuu wa Kiingereza huko India. Hukumu ikatoka Aprili 1861: Majid abaki na Unguja na pwani, Thuwaini abaki na Maskati, na Unguja ilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Watu wakasema amani imepatikana. Lakini tazameni vema. Wana walikwenda kuuliza habari ya urithi wa baba, wakarudi na nchi mbili. Milki ya Said ilikatwa kwa kalamu huko India, na tangu siku hiyo kila aliyeketi Unguja alijua mlango gani wa kubisha.

Majid alipokufa mwaka 1870, Barghash yule yule aliyefukuzwa akawa Sultani, na Waingereza hawakumzuia. Mwasi wa 1859 amekuwaje mwema? Hakuwa mwema wala mbaya. Alikuwa mtu atakayehitaji kukubaliwa. Mwaka 1873 Kirk alimwekea mkataba wa kufunga biashara ya watumwa, na nyuma ya mkataba tishio la manowari kuziba bandari, naye akatia sahihi.

Lililomaliza mambo ni karatasi ya mwaka 1890. Sultani Ali bin Said alikubali kuwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na ndani ya mapatano hayo mliandikwa kwamba mrithi atakayetajwa na Sultani sherti akubaliwe na serikali ya Kiingereza. Mstari mmoja tu! Hapakupigwa risasi hata moja siku hiyo. Hata waziri wa kwanza wa Sultani akawa Mwingereza, Lloyd Mathews, aliyekuwa zamani ofisa wa manowari.

Ali akafa Machi 1893. Khalid, mwana wa Barghash, kijana bado, akaingia katika jumba. Waingereza wakamtoa wakamweka Hamad bin Thuwaini. Hamad naye akafa ghafula tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid akaingia tena, safari hii na askari na mizinga. Konsuli Basil Cave akamwambia atoke. Aliyetakiwa na Waingereza ni Hamoud bin Mohammed. Khalid akakataa kutoka. Manowari tano za Admirali Rawson zikasimama mbele ya jumba, akapewa muda mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Dakika mbili baada ya saa tatu mizinga ikalia. Haikupita saa moja nzima: jumba likavunjika na kuwaka moto, meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama bandarini, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wakauawa au kuumizwa. Upande wa pili aliumizwa vibaya baharia mmoja. Khalid akakimbilia kwa konsuli wa Kijerumani, na siku ile ile, moshi ungali ukipanda, Hamoud akatangazwa.

Hao 500 walikuwa nani? Askari, watumishi, watumwa wa nyumbani. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akirithi kitu.

Na pwani ya Kenya mambo yalikuwa yale yale. Mwaka 1895 alikufa liwali wa Takaungu, wa ukoo wa Mazrui. Kampuni ya Kiingereza ikampendelea Rashid bin Salim juu ya Mubarak bin Rashid aliyekuwa akidai haki. Ugomvi wa ukoo mmoja ukawa vita vya pwani. Mbaruk wa Gazi akaingia, askari wakaletwa kutoka India, na mwezi wa Aprili 1896 Mbaruk akavuka na watu wake kwenda kwa Wajerumani. Vita vilipokwisha kampuni haikuwapo tena katika kutawala: serikali ya Kiingereza ilikuwa imeshika nchi yenyewe.

Tusieleweke vibaya. Hatumlilii Khalid. Wazee wa Maniema waliona minyororo, na mali ya masultani hao ilitoka katika jasho la watumwa. Twajua pia kwamba Hamoud, mtu wa Waingereza, ndiye aliyetia sahihi amri ya 1897 iliyoondoa nguvu za utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba. Amri ilikuwa njema, ingawa fidia walipewa mabwana, wala si watumwa. Lakini aliyekalishwa kwa mizinga hawezi kukataa neno la mwenye mizinga, liwe jema au baya.

Bula Matari wetu alilijua somo hilo. Mwaka 1887 Tippu Tip alipewa huko Unguja karatasi ya kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold, na mshahara wa mwezi. Miaka mitano baadaye vilianza vita, na mwaka 1894 utawala wa Waarabu katika Kongo ulikuwa umekwisha. Halafu zikaja medali za machifu: aliye na medali ni chifu, asiye nayo ni mtu wa zamani. Na ng'ambo ya mpaka, mwendo wa miguu kutoka hapa, Wabelgiji walimwondoa Mwami Musinga mwezi wa Novemba 1931 wakamkalisha mwanawe Rudahigwa. Mzee huyo alihamishwa Kamembe, kisha akaletwa Kongo, akafa Moba mwaka 1944.

Wabelgiji waliondoka 1960. Mlango wa ofisi haukuondoka.

Katiba ya 2006, kifungu cha 207, yasema mamlaka ya mila yatambuliwa, na kwamba yapatikana kwa kufuata mila ya mahali, mradi isipingane na Katiba yenyewe wala na sheria. Soma neno hilo pole pole: yatambuliwa. Kutambua si kuchagua. Karani wa vizazi haamui mtoto ni wa nani. Aandika alivyoelezwa na wenye mtoto. Mkubwa anayetia muhuri juu ya karatasi ya mwana mmoja kabla wazee hawajaketi amefanya kazi ya Cave, hata kama ni ndugu yetu, tena hata kama hakupokea kitu.

Lakini lawama isiende kwa ofisi peke yake. Wana wa Said wenyewe walikubali kesi yao iamuliwe na mgeni. Mila isiyojulikana na watu ni mali ya yule anayekimbia haraka kwenda mjini.

Kwa hiyo twawaomba wazee wa kila kijiji, chifu angali hai na ana akili zake, waketi mchana, wanawake na vijana wakiwapo, waseme mrithi hupatikanaje kwao na nani mwenye haki ya kumtaja. Iandikwe. Nakala moja ibaki kijijini, moja kwa padri au mwalimu, moja ipelekwe ofisini. Na tawi la chama lililo na mtu ajuaye kuandika vizuri limtoe akasaidie, bila malipo, wala asitie neno lake ndani.