Gitaa la Umeme Lisifungiwe Kabatini

Katika kabati la chumba cha muziki cha shule yetu limo gitaa moja la umeme. Lilinunuliwa ili wanafunzi wajifunze, lakini siku nyingi za muhula hukaa humo likiwa limefungwa kwa kufuli. Hutolewa Jumamosi mchana tu, kwa muda wa saa mbili, nasi wanachama wa chama cha muziki tu watu kumi na wanne. Mwenye kupenda hesabu na apige hesabu: dakika 120 zikigawanywa kwa watu 14, kila mmoja hapati hata dakika tisa kwa juma. Kwa dakika tisa kwa juma hapana mtu atakayejifunza kupiga gitaa, hata awe na kipaji cha namna gani.

Sababu ya kufuli hiyo yajulikana na kila mmoja wetu, nayo ni kelele. Amplifaya yetu ni sanduku kubwa lenye spika, na ikiwashwa husikika mabwenini, maktabani, na hata katika nyumba za walimu. Jioni wanafunzi hujisomea. Usiku watu hulala. Asubuhi kuna vipindi. Basi walimu walipotoa amri kwamba gitaa lipigwe Jumamosi tu, hawakufanya uonevu. Kila mwenye haki ataona kwamba asiyependa muziki naye ana haki ya kusoma kwa utulivu.

Lakini maoni yangu ni haya: kosa haliko katika gitaa, wala haliko kwa walimu. Liko katika aina ya amplifaya tuliyo nayo. Zipo siku hizi amplifaya ndogo za hedifoni ambazo hutoa sauti masikioni mwa mpigaji peke yake. Shule ikipata mbili tu za namna hiyo, gitaa laweza kupigwa kila siku, na aliyeketi dawati la jirani asisikie ila mlio mdogo wa nyuzi, kama mbu aliye mbali.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini tusichomeke hedifoni katika gitaa lenyewe? Waliosoma somo la sumaku na umeme katika fizikia watajibu upesi. Chini ya nyuzi za gitaa kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa katika waya ule. Umeme huo ni sehemu ndogo ya volti moja, na hauna nguvu ya kuendesha hedifoni. Hapana budi ukuzwe kwanza, na kuukuza ndiyo kazi ya amplifaya. Tofauti ni kwamba ile inayoendesha spika ya ukumbi huhitaji nguvu nyingi, hali ile ya masikio huhitaji nguvu kidogo mno, hata betri ndogo zatosha.

Jambo hili si geni. Mwaka 1982 Tom Scholz, mpigaji gitaa wa bendi ya Boston ya Marekani, ambaye pia alisomea uhandisi katika chuo cha MIT, alianza kuuza amplifaya ya hedifoni iitwayo Rockman. Ilikuwa ndogo, ya kuvaliwa kiunoni kama zile Walkman za kaseti zilizoanza kuuzwa mwaka 1979. Tangu hapo vifaa hivi vimezidi kuwa vidogo, na bei zake zimeshuka.

Basi ikiwa tutanunua, tununue ya namna gani? Hapa ndipo yafaa tufikiri sana, maana kinachomfaa kijana wa mjini mwenye chumba chake si lazima kitufae sisi wa bweni. Mimi naona yako mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, umeme. Mabweni yetu hayana mahali pa kuchaji vitu, na siku nyingine umeme hukatika shule nzima. Amplifaya yenye betri ya ndani, kama Fender Mustang Micro iliyotolewa mwaka 2021, ni nzuri na ina sauti za aina nyingi, lakini betri yake hudumu saa sita hivi, kisha sharti ichajiwe. Vox amPlug hutumia betri mbili ndogo za AAA. Betri za namna hiyo hupatikana hata dukani hapa nje ya lango, na zikiisha hubadilishwa papo hapo. Tena zipo za kuchaji ambazo mwalimu mlezi aweza kuzichaji ofisini mara moja kwa juma.

Pili, simu. Amplifaya kadhaa za siku hizi hufanya kazi kikamilifu tu zikiunganishwa na simu yenye programu yake. Sisi haturuhusiwi kuwa na simu shuleni. Kununua kifaa ambacho nusu ya faida zake zimo ndani ya simu ni sawa na kununua baiskeli isiyo na mnyororo. Yatufaa yenye vitufe vyake yenyewe: cha kuongeza sauti, cha kurekebisha mlio, na cha kukaza sauti ya gitaa. Basi.

Tatu, bei. Mustang Micro ilipotoka iliuzwa Marekani kwa dola 100. AmPlug huuzwa huko kwa dola 40 hadi 60, kwa kadiri ya toleo lake. Ziko pia nyingi zitokazo China ambazo bei yake ni chini ya dola 40; baadhi ni nzuri, na nyingine huvuma kama chujio la upepo, hivyo yafaa zijaribiwe kabla ya kulipiwa. Tukumbuke kwamba bei ya Marekani si bei ya hapa kwetu. Usafiri na kodi huongezeka. Hata hivyo, fedha za viingilio vya tamasha letu moja la muziki zikiwekwa akiba badala ya kununuliwa soda, zatosha kuanzia. Haba na haba hujaza kibaba.

Iko na njia nyingine, na mimi naipenda kuliko zote, maana itatufundisha zaidi. Chama cha fizikia na chama cha muziki vingeweza kushirikiana na kuiunda amplifaya hapa hapa shuleni. Kuna chipu ndogo yenye miguu minane iitwayo LM386, ambayo bei yake ni ndogo sana, na mafundi redio huifahamu. Hufanya kazi kwa volti 4 hadi 12, hivyo betri moja ya volti 9 yatosha. Yenyewe hukuza sauti mara 20. Ukiweka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya mguu wa kwanza na wa nane, hukuza mara 200. Ongeza kitufe cha kuzungusha sauti, kapasita chache, tundu la waya wa gitaa na tundu la hedifoni, kisha tia vyote ndani ya kikopo cha bati. Sauti yake haitakuwa safi kama ya dukani, lakini mtu atasikia anachopiga.

Wataojaribu wazingatie mambo mawili. Hedifoni zina masikio mawili, hivyo waya wa sauti sharti uunganishwe katika pande zote mbili za tundu, au sauti itatoka sikio moja tu. Pia iwekwe rezista katika njia ya hedifoni, kwa sababu nguvu inayotosha spika ndogo huzidi mno kwa sikio la mwanadamu.

Jambo la masikio si la mzaha. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa juma, na ikifika desibeli 90, muda huo hupungua hadi saa nne tu. Mshipa wa kusikia ukiharibika hauna dawa ya kuurudisha. Kwa hiyo wanaosema kwamba hedifoni zaweza kuharibu masikio ya vijana wanasema kweli, nami nakubaliana nao. Jibu langu ni kwamba iwepo alama nyekundu katika kitufe cha sauti ambayo mtu asiivuke, na zamu ya mtu mmoja isizidi nusu saa.

Wako wengine wasemao: kwa nini wasitumie gitaa la kawaida, lisilohitaji umeme? Gitaa hilo ni zuri na ninaliheshimu. Lakini nalo hupiga kelele wakati wa kujisomea, wala haliwezi kuvishwa hedifoni. Zaidi ya hayo, gitaa la umeme lina nyuzi nyepesi na namna yake ya kupigwa, na anayetaka kulijua sharti alishike lenyewe. Hatujifunzi kuogelea kwa kutazama mto.

Na wako wasemao kwamba sisi tumekuja shuleni kusoma, si kupiga magitaa. Neno hili ni zito, hasa kwetu wa kidato cha nne ambao mtihani wa taifa unatungoja. Lakini nusu saa ya mpira haijawahi kuitwa adui wa masomo. Mbona nusu saa ya muziki iitwe hivyo? Anayefanya mazoezi ya gitaa hujifunza kurudia jambo gumu mpaka liwe jepesi, na tabia hiyo ndiyo itakiwayo katika hisabati.

Tutazame pia historia ya muziki wa dansi wa nchi yetu. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Bendi ya Urafiki ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vyombo vilikuwa mali ya chama au ya kiwanda, si vya wapigaji, kwa kuwa magitaa yalikuwa ghali kupita uwezo wa mtu mmoja. Lakini wapigaji walipewa vyombo pamoja na nafasi ya kuvifanyia mazoezi. Ukisikiliza gitaa la marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyevuma na Morogoro Jazz na akafariki mwaka 1979, utatambua kwamba vidole vile havikupatikana kwa dakika tisa kwa juma. Sisi tumepewa chombo bila nafasi. Chombo kisicho na nafasi ni pambo la kabati.

Kwa hiyo naleta shauri langu mbele ya wasomaji, viranja na walimu wetu. Kwanza, zipatikane amplifaya mbili za hedifoni, moja ya kununuliwa na moja ya kuundwa na chama cha fizikia, ili tuzilinganishe, na moja ikiharibika kazi isisimame. Pili, kiwepo kitabu cha zamu mezani kwa mwalimu mlezi, ambamo kila mtu ataandika jina lake, saa ya kuchukua na saa ya kurudisha. Tatu, mazoezi yafanywe katika chumba cha muziki kuanzia saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili, nusu saa kwa kila mmoja. Kwa siku tano za juma hizo ni zamu ishirini, na kila mwanachama atapata angalau moja. Jumamosi ibaki kama ilivyo, kwa kupiga pamoja na amplifaya kubwa, kwa maana bendi haijengwi na watu waliojifungia katika hedifoni. Jambo hili lijaribiwe kwa muhula mmoja tu. Likileta kelele au uvivu, kufuli irudishwe, wala sitalalamika.

Mimi nitamaliza masomo yangu hapa mwaka huu, na yaelekea sitapata hata zamu moja ya nusu saa. Sijiombei. Nawaombea wa kidato cha kwanza na cha pili, ambao kila Jumamosi huja kusimama mlangoni mwa chumba cha muziki wakingoja, na saa mbili huisha kabla majina yao hayajaitwa.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne