Utafiti Hukusanywa kwa Kiswahili, Huzikwa kwa Kiingereza

Anayepitia tasnifu za uzamili na uzamifu zilizopangwa katika maktaba za vyuo vikuu vya Kenya, ziwe za kilimo, afya ya umma, elimu, uchumi au sosholojia, hukutana na sentensi moja inayofanana sana kutoka tasnifu hadi tasnifu. Aghalabu huwa katika sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, nayo husema kwamba hojaji ilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa manufaa ya wasailiwa wasiomudu Kiingereza. Basi. Sura hiyo hiyo hutumia kurasa kadhaa kueleza jinsi sampuli ilivyoteuliwa, fomula iliyotumika na jinsi uthabiti wa hojaji ulivyopimwa kwa takwimu. Ni nani aliyeitafsiri hojaji, kwa istilahi zipi, na majibu yaliyotolewa kwa Kiswahili yalirudije katika Kiingereza cha sura ya nne, hayo hayaelezwi. Msimamizi hayaulizi. Jopo la watahini nalo hulipitia suala hilo kana kwamba halipo.

Makala haya yanashikilia kwamba hapo pana kasoro ya kisayansi, wala si suala la uzalendo wa lugha pekee. Kwa muda mrefu watetezi wa Kiswahili wamezoea kuidai nafasi ya lugha hii kwa hoja za utaifa, umoja na utambulisho wa Mwafrika. Hoja hizo zina uzito wake, lakini mwanabiolojia au mwanauchumi huzisikiliza kwa adabu, akapiga makofi siku ya kongamano, kisha akarejea katika maabara yake bila kubadili chochote. Hoja inayoweza kumfikia ni ile inayomwonyesha kwamba matokeo yake huenda si sahihi kwa sababu swali aliloliuliza silo lililosikiwa na aliyeulizwa.

Mfano ulio wazi kupita yote ni wa malaria. Mwaka 1996 Peter Winch na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo, nchini Tanzania, kuhusu majina ambayo wenyeji huyapa magonjwa yenye homa. Ilibainika kwamba neno "malaria" lilikuwa limeingia katika lugha ya wenyeji, lakini lilibeba sehemu tu ya kile ambacho daktari hukiita malaria, yaani ile homa ya kawaida inayokuja na kupita. Malaria kali inayompanda mtoto kichwani na kumtia mitukutiko haikuitwa malaria. Iliitwa degedege. Degedege ilihesabiwa kuwa ugonjwa mwingine kabisa, wenye chanzo chake na waganga wake, na aghalabu hospitali haikuwa mahali pa kwanza pa kumpeleka mtoto. Tafakari basi hali ya mtafiti anayefika kijijini na hojaji iliyotafsiriwa haraka haraka, akamuuliza mama: "Katika mwaka uliopita, je, kuna mtoto wako aliyeugua malaria kali?" Mama aliyemzika mtoto kwa degedege atajibu kwa moyo mweupe kwamba hakuna. Jibu hilo huandikwa, likajumlishwa na mengine, likawa asilimia katika jedwali. Mama hakusema uongo. Mtafiti hakughushi. Hata hivyo jedwali halisemi kweli, na anayepanga kampeni ya afya kwa kulitegemea ataelekeza fedha zake pasipostahili.

Kasoro ya namna hii haikomei katika utabibu. Katika takwimu za kiuchumi na kijamii neno "kaya" limekubalika kuwa na maana ya kundi la watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Ni neno zuri, fupi, na wanatakwimu wa Tanzania wamelizoea. Lakini anayevuka nalo hadi Kilifi au Kwale hana budi kujua kwamba miongoni mwa Wamijikenda neno hilo lina wenyewe. Kwao kaya ni mji, ni boma. Tena ni ile misitu mitakatifu waliyokaa wazee wao, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mzee mwenye boma la wake watatu na wana watano waliooa, kila mmoja na jiko lake, akiulizwa kaya yake ina watu wangapi, yamkini atawahesabu wote. Ikiwa hakuna aliyelifikiria neno hilo kabla ya hojaji kupigwa chapa, wastani wa watu kwa kaya utapanda, kipato kwa kila kaya kitapanda pia, na umaskini utaonekana umepungua mahali ambapo haujapungua. Wanasaikolojia nao wana tatizo lao: hali moja ya moyo kuvunjika kwa muda mrefu huitwa sonona na mmoja, mfadhaiko na mwingine, na msongo wa mawazo na wa tatu, kisha matokeo ya watatu hao hulinganishwa kana kwamba walipima kitu kimoja.

Zaidi ya usahihi kuna suala la haki. Utafiti wowote unaogusa mwili wa binadamu hudai ridhaa yake, na ridhaa hutolewa kwa lugha. Mjini Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) na wafadhili wa Wellcome Trust wameendesha mpango mkubwa wa utafiti tangu mwaka 1989, watafiti wenyewe walilichunguza jambo hili. Sassy Molyneux na wenzake waliandika mwaka 2004 kuhusu wazazi waliokuwa wameridhia watoto wao kushirikishwa katika tafiti, na wakaonyesha kwamba uelewa wa wazazi hao ulitofautiana mno, huku mpaka baina ya kutafitiwa na kutibiwa ukiwa haueleweki kwa wengi. Mwanafunzi wa isimu hawezi kushangaa. Neno "uchunguzi" hutumika kwa mwanasayansi anayechunguza chanzo cha maradhi, na pia kwa daktari anayechunguza damu ya mgonjwa ili ampe dawa. Neno "utafiti" linakwepa utata huo, lakini ni neno la darasani. Mama aliyeishia darasa la tatu hakuwahi kulihitaji. Kati ya neno linaloeleweka visivyo na neno lisiloeleweka kabisa, ndipo mzazi huombwa atie dole gumba. Watafiti wa Kilifi wanastahili sifa kwa kulianika tatizo lao hadharani. Swali linalobaki ni kwa nini tatizo la semantiki ya Kiswahili lifumbuliwe na wataalamu wa afya, ilhali idara za Kiswahili zimejaa wataalamu wa semantiki.

Hapa lawama hugeuka, na haiepukiki. Ni rahisi kumlaumu mwanakemia kwa kukipuuza Kiswahili; ni vigumu zaidi kumuuliza mwanafunzi wa Kiswahili alikuwa wapi. Mada za tasnifu katika idara nyingi zimezunguka pale pale: usawiri wa mwanamke katika riwaya fulani, dhamira na wahusika katika tamthilia fulani, makosa ya sarufi ya wanafunzi wa shule za upili za wilaya fulani. Mada hizi si mbovu. Zimezaa uhakiki unaostahili kuheshimiwa, na zimethibitisha jambo ambalo wapinzani wa Kiswahili walilikana kwa miaka: kwamba lugha hii inaweza kubeba nadharia ngumu. Tangu K.W. Wamitila atoe *Uhakiki wa Fasihi* mwaka 2002 na *Kamusi ya Fasihi* mwaka 2003, na David Massamba atoe *Kamusi ya Isimu na Falsafa ya Lugha* mwaka 2004, hakuna mwanafunzi awezaye kudai kwamba amekwama kwa kukosa istilahi za umuundo au za fonolojia. Tatizo ni kwamba ushindi huo umegeuzwa ua. Wana wa Kiswahili wamejifungia ndani yake wakizungumza wao kwa wao, na nje ya ua taaluma nyingine zote zinaendelea kukitumia Kiswahili kila siku bila kumuuliza mwenye ujuzi nacho.

Haikuwa hivyo daima. Padri Charles Sacleux, Mfaransa ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka mwaka 1939, alikuwa pia mwanabotania. Aliokota mimea ya Afrika Mashariki na kuipeleka kwa wataalamu, na jenasi moja ya mimea, Sacleuxia, ina jina lake hadi leo. Anayeifungua kamusi yake hukuta mimea na viumbe vya baharini vimewekewa majina ya kisayansi kando ya majina ya wenyeji. Sacleux hakuona mpaka kati ya kulijua neno na kukijua kitu kinachotajwa na neno hilo. Mwanafunzi wa leo huweza kuhitimu shahada ya Kiswahili bila kuwahi kuwauliza wavuvi wa Vanga au Shela wanatofautishaje bamvua na maji mafu, au kwa nini msimu wa kusi huwazuia kwenda kina kirefu. Wakati huo huo mwanafunzi wa sayansi za bahari, aliyeko chuo hicho hicho, anayapima hayo hayo maji kupwa na kujaa kwa mitambo, na majina ya wavuvi hayamo katika daftari lake. Wote wawili hula katika mkahawa mmoja.

Upotevu wa aina hii unaonekana hata katika jambo linalowahusu Waswahili wenyewe. Mwezi Machi mwaka 2023 jarida la *Nature* lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda na Faza, pamoja na sehemu za bara. Miongoni mwa waandishi alikuwamo mwanaakiolojia Mkenya, Chapurukha Kusimba. Ilionekana kwamba tangu yapata mwaka 1000 kulikuwa na kuoana baina ya wenyeji na wageni kutoka Asia: upande wa akina mama asili ilikuwa ya Kiafrika kwa kiasi kikubwa, na upande wa akina baba ikawa ya Kiajemi kwa kiasi kikubwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye hukaririshwa zile nadharia za chimbuko la Kiswahili, angepaswa kuruka kitini. Derek Nurse na Thomas Spear walikuwa wameonyesha mwaka 1985, kwa ushahidi wa lugha, kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro. Sasa swali limeiva: ikiwa baba walitoka ng'ambo, ni vipi lugha ya mama ndiyo iliyobaki, na ya baba ikaacha maneno tu? Swali hilo halimalizwi na mtaalamu wa vinasaba. Linamhitaji mwanaisimu historia, mtaalamu wa mapokeo ya kale na mwanasosholojia wa ndoa na makazi, wakae meza moja.

Pingamizi zipo. Inasemwa kwamba sayansi ni ya ulimwengu, kwamba majarida yanayompandisha mhadhiri cheo huchapishwa kwa Kiingereza, na kwamba mfadhili hasomi Kiswahili. Yote ni kweli, na hayapingwi hapa. Hakuna anayemtaka mtaalamu wa mifugo aandike makala yake ya kimataifa kwa Kiswahili apoteze wasomaji. Inasemwa pia kwamba istilahi hazitoshi. Dai hili limechakaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kilichokosekana ni wa kuzitumia istilahi zake, kwa kuwa shule za sekondari za Tanzania zimebaki na Kiingereza katika masomo hayo, na istilahi isiyoandikiwa hulala usingizi kamusini. Badala ya kuziamsha, wapenzi wa lugha wamepoteza alasiri nyingi wakigombana kama mashine ile iitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta, wakati mwenye mashine ameshaiwasha na kufanya kazi yake.

Kinachodaiwa ni kidogo na kinawezekana. Hojaji ya Kiswahili iambatishwe mwishoni mwa tasnifu jinsi ilivyosomwa kwa wasailiwa, kando ya ile ya Kiingereza, ili watahini waweze kuzilinganisha. Maneno ya msailiwa yanaponukuliwa, yanukuliwe kama alivyoyatamka, ndipo tafsiri ifuate. Kila tasnifu iliyotokana na majibu ya wananchi iwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili tatu, wa kurudishwa kule kule yalikotoka majibu. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kibali cha utafiti hutolewa na tume ya taifa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Sharti la muhtasari huo lingeongezwa katika kibali kwa sentensi moja. Idara za Kiswahili nazo zikubali kwamba mwanafunzi anayechambua tafsiri ya fomu ya ridhaa, au anayekusanya msamiati wa homa kutoka Lamu hadi Lungalunga, amefanya uzamili kamili, sawa na mwenzake aliyehakiki diwani.

Fomu halisi za utafiti, zile zilizoandikwa kwa kalamu nyanjani, huhifadhiwa kwa miaka kadhaa kwa mujibu wa kanuni za maadili, kisha huteketezwa. Ndani ya masanduku hayo, katika stoo za idara za tiba, kilimo na uchumi, mna maelfu ya majibu ya Kiswahili cha watu wa kila tabaka na kila pembe ya nchi, ambayo hayakupata kusomwa tena tangu yatafsiriwe. Hakuna mkusanyiko mwingine wa lugha hai unaoweza kulingana nao. Mwanafunzi anayehangaika kutafuta mada ya tasnifu angeanzia huko: aandike barua ya kuomba ruhusa ya kamati ya maadili, aahidi kuyaficha majina ya wasailiwa, na aifikishe kabla ya zamu ya tanuri.