Neno la Mhariri: Utamu wa Hesabu

Wako watakaouliza Ted Taylor, Mmarekani aliyebuni mabomu ya nyuklia, ametafuta nini katika jarida la Eastlands. Basi waanzie Burma, pale sokoni tunapokwenda kula nyama. Jina hilo ni la nchi walikopigana askari wetu wa jeshi la kikoloni la KAR, na vita vyao vilimalizika Agosti 1945 kwa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Urani nyingi ya kutengenezea mabomu hayo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa Waswahili wenzetu wa Kongo.

Taylor aliingia maabara ya silaha ya Los Alamos mwaka 1949 baada ya kufeli mitihani ya shahada ya uzamivu chuoni Berkeley. Kwenye kubuni mabomu, hata hivyo, wachache walimfikia. Mkono wake umo katika bomu la Ivy King, lililolipuliwa Novemba 1952 kwa nguvu ya kilotani 500, zaidi ya mara 30 ya lile la Hiroshima. Umo pia katika Davy Crockett, dogo kiasi cha kubebwa na gari la Jeep. Siku moja jangwani Nevada alikinga mwanga wa mlipuko kwa kioo kilichobonyea, akawashia sigara. (Mzaha wa fundi aliyenogewa.) Mwaka 1950, mkewe akijifungua, yeye alikuwa Pentagon akichora miduara ya maangamizi juu ya picha za Moscow. Baadaye alisimulia kwamba alisikitika kuona hakuna duara lililoumeza mji mzima.

Hatimaye aligeuka, na hadi alipofariki mwaka 2004 alikuwa akionya kuhusu silaha zilezile. Namheshimu kwa hilo, ila alichelewa.

Msinikumbushe kwamba mafundi wa Mau Mau nao walitengeneza silaha, wakigeuza bomba la maji na komeo la mlango kuwa bunduki. Wao walijua silaha inakwenda kwa nani, na ikipasuka ingemlipukia mwenzao. Taylor alipewa hesabu tamu. Wenye kulipukiwa walikuwa nukta kwenye picha.

Vijana wa Kayole, Dandora na Umoja wanaosomea uhandisi huulizwa alama walizopata. Ni nadra kuulizwa watamfanyia nani kazi. Someni makala zilizo humu, kisha mtuandikie: ni kazi gani ungeikataa, hata kama mshahara wake wa mwezi mmoja ungelipa kodi ya nyumba ya mwaka mzima?