Pima injini kwa hewa ya Nanyuki

Kijana wa Membley anayerusha ndege za kivita kwenye kompyuta yake hachelewi kukutana na swali hili: kati ya F-5A na F-5E, ipi ina injini bora? Jibu la haraka ni F-5E, na ushahidi wake ni tarakimu mbili. Injini moja ya F-5A, aina ya J85-GE-13, hutoa msukumo wa kilo 1,850 hivi mafuta ya ziada yanapochomwa mkiani. Ile ya F-5E, J85-GE-21, hutoa takriban kilo 2,270. Ongezeko ni zaidi ya asilimia 22, na wengi hufunga mjadala hapo. Wanaufunga mapema mno. Tarakimu hizo ni za injini inayonguruma mahali pamoja bila kusonga mbele, usawa wa bahari, katika hewa ya nyuzi 15. F-5E za Kenya, zilizoanza kuwasili mwaka 1978, hazikupewa makao katika hewa ya namna hiyo.

Makao yake ni Nanyuki, takriban mita 1,900 juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 25, hewa ya huko ina takriban asilimia 77 tu ya uzito wa ile iliyotumika kwenye vitabu. Injini ya jeti hupata nguvu kwa kumeza hewa na kuitupa nyuma kwa kasi. Hewa ikipungua, msukumo hupungua karibu kwa kiwango hicho hicho. Bawa nalo linahitaji hewa, kwa hiyo ndege haiinuki mpaka ifikie mwendo mkubwa zaidi kwa karibu asilimia 14. Ukijumlisha hasara hizo mbili, njia ya kurukia inayohitajika inarefuka kwa zaidi ya nusu. Hata Ruiru, kwa yule kijana wa Membley, kwenye mita 1,500 na ushei, hewa imeshapungua kwa zaidi ya asilimia 10.

Halafu kuna uzito. F-5A tupu ina karibu kilo 3,700, F-5E karibu kilo 4,400. Yaani ndege iliongezewa msukumo kwa asilimia 22 na uzito kwa takriban asilimia 20, kwa hiyo uwiano wa msukumo na uzito wa ndege tupu ulipanda kidogo sana. Anayepima mwanzo wa mbio ya kuruka ataona tofauti ndogo. Lakini kwenye mwendo wa juu kabisa adui mkubwa ni ukinzani wa hewa, si uzito, na hapo F-5E inafika mara 1.6 ya mwendo wa sauti ilhali F-5A inaishia kwenye 1.4. Wabishi wawili wanaweza kupata majibu tofauti na wote wakawa sahihi, kwa sababu kila mmoja amepima kitu chake.

Ndiyo maana nasema simuleta, yaani programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, ina thamani kubwa kuliko inavyopewa, ila itumiwe kama maabara. Simuleta iitwayo DCS ina F-5E lakini haina F-5A. Mchezo wa War Thunder unazo zote mbili. Anayechukua moja huku na nyingine kule analinganisha watengeneza programu, hajalinganisha injini. Na anayejaza matangi ya ndege zote mbili nusu kwa nusu amekosea pia, maana tangi la F-5E ni kubwa zaidi: kinachofaa kulingana ni kilo za mafuta. Hayo yakishawekwa sawa, kimo kiwe kimoja, halijoto iwe moja, ndege ziende mlalo, na upimwe muda wa kutoka mwendo mmoja hadi mwingine, tena na tena.

Wapo watakaosema huo ni mchezo tu, na kwamba takwimu halisi za ndege za kivita ni siri. Kwa ndege mpya wana hoja. F-5 ni ndege ya zamani, na vitabu vya rubani wake vyenye majedwali ya kuruka vinasomwa hadharani, kwa hiyo programu inaweza kukaguliwa kwa majedwali hayo. Pingamizi la pili, kwamba tunawafundisha vijana vita, nalipa uzito zaidi. F-5 za Kenya zilikuwa sehemu ya misukosuko ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, na zilifanya mashambulizi nchini Somalia mwaka 2011. Si vitu vya kuchezewa akilini. Lakini elimu yenyewe haina bendera. Injini ya CJ610, iliyozirusha Learjet za kwanza za abiria, ni ndugu wa J85, na rubani wa ndege ndogo pale uwanja wa Wilson, Nairobi, hupiga hesabu hiyo hiyo ya hewa nyepesi kabla ya kupakia abiria.

Kenya iliponunua F-5 zilizokwisha kutumika Jordan, mabishano yalihusu zaidi bei na umri. Mwananchi aliyewahi kupima injini kwa mikono yake, hata kwenye skrini, angeuliza pia: zitabeba nini zikiruka kutoka Nanyuki saa nane mchana? Kuanza si kugumu. Ramani ya Nevada katika DCS ina uwanja wa Tonopah, karibu mita 1,700, kimo kisicho mbali na cha Nanyuki, na halijoto inawekwa kwa mkono. Kompyuta moja inatosha kundi zima: mmoja arushe, mwingine aandike. Waruke kwanza kutoka uwanja ulio karibu na usawa wa bahari kwa nyuzi 15, kisha Tonopah kwa nyuzi 25, mzigo ukiwa ule ule, na waweke kando kwa kando mita za lami zilizoliwa.