Mbolea Ifike Kabla ya Mvua

Hakuna mkulima wa mpunga wa Cheju wala wa Makombeni anayehitaji kufundishwa faida ya mbolea. Analohitaji ni kuipata, tena kwa wakati wake. Mbolea ya kupandia hutakiwa iingie ardhini pamoja na mbegu. Yurea nayo hutiwa wiki mbili au tatu baada ya mche kusimama, na mara nyingine mpunga unapokaribia kutunga mimba. Mfuko unaofika baada ya hapo ni hasara, hata ukiwa wa bure.

Mnamo Juni 2006, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaazimia kwamba ifikapo 2015 kila hekta ipate angalau kilo 50 za virutubisho. Mwezi wa Mei 2024 walikutana tena, Nairobi, kwa shauri lile lile. Yaonesha wazi kuwa maazimio hayakupungua.

Siku hizi dawa inayotajwa ni ubia baina ya Serikali na wafanyabiashara binafsi. Sisi hatuupingi. Mfuko wa mbolea uendao Pemba hauna budi kuvuka bahari, na mwenye chombo, ghala na mtaji huweza kuuvusha upesi kuliko faili linalosubiri saini. Lakini ubia si kugawana faida tu. Ni kugawana kazi, na kila upande uulizwe kwa kazi yake.

Yatupasa tuwatazame jirani zetu. Tanzania Bara, kuanzia 2008 hadi 2014, iligawa hati za ruzuku: mkulima alilipa nusu ya bei na wakala akadai nusu ya pili Serikalini. Njia ilikuwa njema, nayo iliwaleta mawakala karibu na vijiji. Lakini fukara aliyekosa hiyo nusu yake alifanya nini? Wapo walioziachia hati zao kwa mawakala kwa malipo kidogo, na ruzuku iliyokusudiwa mnyonge ikamnufaisha mwenye duka. Huko Kenya, mwaka 2024, mifuko isiyo na kiwango iliwafikia wakulima ndani ya mpango wenyewe wa ruzuku, hata Serikali ikatangaza kuwafidia. Fedha hufidiwa, msimu haufidiwi.

Kwa hiyo twawaambia wahusika bila ya kificho: upimaji wa mbolea usiachiwe muuzaji. Hiyo ni amana ya Serikali, na mfuko upimwe bandarini na upimwe tena dukani shamba. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una kilo 23 tu za naitrojeni. Ukichanganywa na chumvi au mchanga, mkulima hatajua mpaka aone majani yake yamegeuka manjano.

Liko pia jambo la ukubwa wa mfuko. Mwenye robo eka hana haja ya kilo 50, wala aghalabu hana fedha zake. Hununua kwa kopo kutoka mfuko uliokwisha funguliwa, na hewa yetu ya visiwani yaujua mfuko wa yurea uliofunguliwa: huanza kuvuta maji siku ile ile. Mfanyabiashara anayetaka kuitwa mbia na afunge mifuko midogo, yenye lakiri na uzito ulioandikwa.

Na mkopo? Mkulima hupata fedha wakati wa mavuno, ilhali mbolea huitaka wakati ghala lake ni tupu. Vyama vya ushirika vya mabondeni vinaweza kukusanya maombi ya wanachama, kudhamini deni na kulipa kwa mpunga. Bila ya mpango huo, ruzuku itaendelea kumfaa yule aliyekwisha kuwa nacho.

Wizara na wabia wake waanze na jambo moja jepesi. Kabla ya mwezi wa Februari kwisha, katika kila ofisi ya sheha wa bonde la mpunga ibandikwe karatasi inayotaja mifuko iliyofika, bei ya kila mfuko, duka inapouzwa na jina la ofisa atakayepokea malalamiko.